Redio, gazeti, YouTube au kundi la WhatsApp: habari zako uzipate wapi?

Wanaouliza swali hili siku hizi si wavivu wa kufuatilia mambo. Wengi ni watu waliochoka. Simu inalia kutwa, kila mtu anarusha klipu, na jioni ikifika mtu hajui lipi kati ya aliyoyaona ni la kweli. Wazazi wanaulizana, walimu wanaulizana, na vijana wanaojiandaa kupiga kura kwa mara ya kwanza wanauliza kuliko wote.

Tuanze na kilichobadilika. Kabla ya simu janja, kati ya tukio na wewe alisimama mhariri. Mwandishi akirudi na habari aliulizwa: nani amekuambia, umempigia mtu wa upande wa pili, picha hii ni ya lini? Habari iliyoshindwa kujibu haikutoka. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro kubwa, maana mhariri huyohuyo aliweza kuizima habari ya kweli kwa kumwogopa waziri au kampuni inayonunua matangazo. Lakini maswali yaliulizwa. Intaneti imefungua njia nyingi za habari kukufikia bila kupita kwenye meza yake, na maswali yale yamehamia kwako. Kila njia kati ya hizi nne inakuachia sehemu fulani ya kazi ya mhariri. Kwangu mimi, hicho ndicho kitu cha kupima kabla ya kingine chochote.

Ili tusiongee hewani, nitakuwa narejea tukio moja. Asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Video za wavuvi na wananchi wakihangaika kuokoa watu zilienea nchi nzima kabla ya saa sita mchana. Mapema siku hiyo uongozi wa mkoa ulisema watu 26 wameokolewa. Hesabu ya mwisho ikawa 19 waliofariki na 24 waliopona. Kwa mwenye ndugu ndani ya ndege ile, tofauti ya watu wawili ni dunia nzima.

Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo yaleyale. Kasi: habari inakufikia baada ya muda gani. Anayewajibika: ikiwa ni uongo, nani ataulizwa. Gharama: pesa, bando na muda wako, na huo muda ndio watu husahau kuuhesabu. Undani: mwisho wa yote utakuwa umejua nini, na je, njia hiyo inafika mtaani kwako? Siku ya dhiki: itakuwaje mtandao ukizimwa au dola ikikunja uso. Kisha nitasema inamfaa nani.

Televisheni sijaipa sehemu yake. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku bado ina watazamaji wengi, lakini habari zake siku hizi hukatwa vipande vikapandishwa YouTube usiku huohuo. Mwenye king'amuzi aisome sehemu ya redio kwa habari ya uwajibikaji, na sehemu ya YouTube kwa habari ya picha.

Redio

*Kasi.* Redio ikitaka inakatiza wimbo na kutangaza papo hapo. Kituo cha mkoani kina mwandishi anayeweza kufika kwenye tukio kwa bodaboda wakati timu ya Dar es Salaam bado inatafuta gari. Hata hivyo mhariri makini atasubiri chanzo cha pili, kwa hiyo katika ajali kama ile ya Bukoba unaweza kuona ndege majini kwenye simu ya jirani muda mrefu kabla ya kusikia idadi ya waliookolewa redioni.

*Anayewajibika.* Kituo kina leseni, ofisi inayojulikana na mhariri wa zamu. Ukionewa una pa kwenda: Tanzania kuna Baraza la Habari, lililoundwa mwaka 1995, na Kenya kuna Baraza la Vyombo vya Habari. Tatizo la redio ni kwamba maneno yanapita. Mtangazaji akisema jambo la ajabu saa moja asubuhi, saa mbili huna pa kulisikia tena, na unayembishia atasema umesikia vibaya. Vipindi vingi vya asubuhi pia huchanganya habari, utani na maoni ya mtangazaji kiasi kwamba msikilizaji anayepiga mswaki hajui kipi kiliripotiwa na kipi kilikuwa porojo.

*Gharama.* Karibu bure. Batri au sola, basi. Simu za kitochi nyingi zina FM ndani yake na hazihitaji bando. Isitoshe, redio haikuibii muda: unapalilia, unashona, unaendesha, huku unasikiliza.

*Undani.* Hapa redio hutofautiana sana. Idhaa za kimataifa zimelea vizazi vya wasikilizaji wa Kiswahili: BBC tangu mwaka 1957, Sauti ya Amerika tangu 1962, Ujerumani kupitia DW tangu 1963. Lakini redio inayolipwa na serikali ya mbali huishi kwa hiari ya serikali hiyo. Machi 2025 serikali ya Marekani iliisimamisha Sauti ya Amerika, wafanyakazi wakapelekwa likizo, na waliozoea matangazo yake kwa miaka mingi wakabaki wanazungusha kisahani. Mashariki mwa Kongo kuna Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza mwaka 2002 na inayotangaza kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Na kuna redio jamii, ambazo nazipenda kwa sababu moja: ndizo zinazokuambia kivuko hakifanyi kazi leo, dawa ya mifugo imefika, mkutano wa kijiji umeahirishwa. Hakuna gazeti la taifa litakaloandika hayo.

*Siku ya dhiki.* Redio ni imara kuliko zote mtandao ukizimwa. Kongo ilizima intaneti baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, ikakaa gizani kama wiki tatu, na watu wakarudi kwenye redio. Lakini mnara wa redio unasimama mahali pamoja na unaweza kuguswa. Serikali hiyohiyo iliizima RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, siku zilezile. Bujumbura, Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vikuu vya redio binafsi vilishambuliwa na kuharibiwa. Baadhi ya wanahabari waliobaki bila studio wakaanza kutoa habari kupitia mitandao ya kijamii, na ndivyo ilivyozaliwa SOS Médias Burundi. Kwa hiyo mara nyingine intaneti ndiyo iliyoiokoa redio.

*Inamfaa nani.* Mkulima, dereva, mama lishe, fundi cherehani, mzee ambaye macho yamechoka, na yeyote anayeishi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Inamfaa pia mtu mwenye bando la kutosha ambaye ameona skrini inamvuruga. Kazi ya mhariri inayokubakia ni ndogo: kukumbuka kwamba mtangazaji wa habari na mchekeshaji wa asubuhi ni watu wawili tofauti hata wakiwa studio moja.

Gazeti, la karatasi na la mtandaoni

*Kasi.* Ya mwisho kabisa kwenye karatasi. Ndege ilipoanguka Bukoba, magazeti ya Jumapili yalikuwa tayari mezani kwa wauzaji. Habari ile ilisubiri Jumatatu, na kwenye wilaya za mbali gazeti husubiri basi, likafika mchana au kesho yake. Tovuti na kurasa za mitandao za magazeti hayohayo zimeziba pengo hili, na siku hizi zinashindana na redio. Ucheleweshaji wa karatasi lakini una faida yake: kufikia Jumatatu hesabu ya waliofariki ilikuwa imetulia kwenye 19.

*Anayewajibika.* Hapa gazeti linaongoza. Jina la mwandishi lipo juu ya habari, tarehe ipo, na karatasi haifutiki. Likikosea, linaweza kulazimika kuomba radhi kwa maandishi, na ile radhi nayo inabaki. Kwenye tovuti mambo ni laini zaidi: kichwa cha habari hubadilishwa saa tano bila neno lolote la maelezo, na aliyesoma saa tatu hajui kwamba alichosoma kimerekebishwa. Nayatamani magazeti yetu yote yaanze kuandika chini ya habari ya mtandaoni kwamba imesahihishwa, na kilichosahihishwa ni kipi.

*Gharama.* Bei ya nakala moja Tanzania inakaribiana na bando dogo la siku, na wengi wakipigiwa hesabu hiyo wanachagua bando. Ndiyo maana tabia ya zamani ya kusoma kwa muuza magazeti imehamia kwenye simu. Nenda kituo chochote cha daladala asubuhi: magazeti yameanikwa ubaoni kwa vibanio, watu wamesimama wanasoma vichwa vya habari, kisha wanaondoka bila kununua. Saa hiyohiyo picha za kurasa za mbele zinazunguka kwenye simu, na wanaozipokea wanafanya kilekile. Aliyesoma kichwa tu anajua gazeti limechagua kupigia kelele nini. Habari yenyewe hajaisoma.

Kuna jambo jingine la bando ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mtu mwenye bando la mitandao ya kijamii pekee anapokea kiungo cha habari ndani ya WhatsApp, anaona picha na kichwa chake, anakibonyeza, na ukurasa haufunguki kwa sababu tovuti ya gazeti haimo kwenye bando lake. Ananunua bando jingine? Hapana. Anarudi kwenye kundi na kuanza kujadili kichwa cha habari. Watu wengi tunaowalaumu kwamba hawasomi wamezuiwa mlangoni na aina ya bando waliloweza kulipia.

*Undani.* Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikitoka, klipu itakupa sekunde 40 za mbunge anayefoka. Gazeti zuri litakupa halmashauri, kiasi, mwaka wa fedha, na jibu la mkurugenzi. Mambo yenye hesabu na sheria, kama mikataba, bajeti, mitaala na kesi ndefu, yanahitaji maandishi, kwa sababu msomaji lazima aweze kurudi aya mbili nyuma. Udhaifu ni kwamba chumba cha habari cha gazeti kimepungua watu kadiri matangazo yalivyohamia mtandaoni. Mwandishi aliyekuwa na wiki ya kuchunguza jambo moja sasa anadaiwa habari kadhaa kwa siku, na wilaya nyingi hazina mwandishi wa kudumu.

*Siku ya dhiki.* Gazeti hufungiwa kwa barua. MwanaHALISI na Mawio yalifungiwa mwaka 2017 na hayakurudishiwa leseni hadi Februari 2022. Upande wa mtandaoni nao unafungwa kivyake: Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya magazeti ya Mwananchi Communications kwa sababu ya video ya katuni, huku magazeti yake ya karatasi yakiendelea kutoka. Msomaji aliyekuwa amehamia kwenye simu kabisa alilikosa gazeti ambalo jirani yake alikuwa ameshika mkononi.

*Inamfaa nani.* Anayefanya maamuzi kwa kutumia habari: mfanyabiashara, mwalimu, kiongozi wa chama cha ushirika, mwanafunzi, mwanaharakati, mtu mwenye kesi. Na anayependa Kiswahili kilichosimama, kwani magazeti kama Mwananchi, Nipashe na Taifa Leo bado yana wahariri wanaosahihisha sentensi.

Chaneli za YouTube na TV za mtandaoni

*Kasi.* Kubwa mno. Mtu mmoja mwenye simu, kipaza sauti na stendi anaweza kwenda mubashara kutoka kwenye tukio. Kijana kama Millard Ayo alitoka redioni akajenga chombo kinachofuatwa na mamilioni, na baada yake wamefuata mamia, wengine wazuri sana na wengine wa hovyo kabisa.

*Anayewajibika.* Inategemea chaneli, na hapa ndipo unapaswa kufungua macho. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliweka leseni zenye ada iliyofika takriban shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Wengi wadogo walifunga virago. Ada ile iliwaumiza hasa waandishi waaminifu wa mikoani, na anayeeneza uzushi bila jina hakulipa wala hakuacha. Chaneli yenye jina, ofisi na mtangazaji anayeonekana uso unaweza kuidai maelezo. Ile yenye sauti ya kompyuta inayosoma maandishi juu ya picha zilizookotwa haina mtu wa kumuuliza.

*Gharama.* Video inakula bando kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii, na inakula muda zaidi. Ni vizuri mtazamaji akaelewa biashara yenyewe. Sharti la kawaida la YouTube la kugawana mapato ya matangazo ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Video ikifika dakika 8 inaweza kuwekewa matangazo katikati. Sasa umeelewa kwa nini habari ya dakika mbili inavutwa hadi dakika tisa, kwa nini mtangazaji anasema "utashangaa alichojibu" mara tatu kabla ya kulionyesha jibu, na kwa nini picha ya mbele ina mshale mwekundu na uso wa mtu anayelia. Sidai kwamba wote wana nia mbaya. Wanalipwa kwa kukuweka pale, na kukuarifu ni kazi nyingine ambayo wengine wanaifanya juu yake na wengine hawaifanyi.

*Undani.* Uzuri mkubwa wa YouTube ni kukuonyesha kitu kizima bila kukatwa. Septemba 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisoma uamuzi wa kesi ya urais mubashara, na aliyetaka kuwasikia majaji wenyewe aliwasikia, bila kusubiri mtu amfasirie. Mkutano wa waandishi wa habari, kikao cha Bunge, mahojiano ya saa nzima na mzee aliyeshuhudia jambo: vitu hivi zamani vilikatwa kwa sababu ya nafasi. Kwa ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis, chaneli hizi zimeirudisha nyumbani kwao sauti ambayo gazeti la karatasi lisingeweza kuifikisha. Ila kitu kizima kinachosha, na wengi huishia kwenye klipu iliyokatwa kutoka humo, ambapo swali limeondolewa na jibu limebaki peke yake.

*Siku ya dhiki.* Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza televisheni na redio ziache kurusha maandamano mubashara, na mitambo ya vituo kadhaa ikazimwa. Wenye bando walivifuata vituo hivyohivyo kwenye YouTube na kurasa zao za mitandao, hadi Mahakama Kuu ilipolisimamisha agizo. Upande wa pili wa mpaka, kwenye uchaguzi wa Tanzania wa 29 Oktoba 2025, kilichozimwa kilikuwa intaneti yenyewe, kwa siku kadhaa, na chaneli zote zikawa sawa na hazipo.

*Inamfaa nani.* Aliye ughaibuni, anayetaka kuona tukio zima kwa macho yake, na mwenye Wi-Fi ya ofisini au nyumbani. Haimfai mtu anayejijua kwamba akifungua video moja atalala saa saba.

Kundi la WhatsApp

*Kasi.* Hakuna kinacholishinda. Aliyesimama ufukweni Bukoba angeweza kutuma video kabla kikosi cha uokoaji hakijajua pa kuegesha.

*Anayewajibika.* Wewe. Hapa mhariri hayupo kabisa, na sheria inajua hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zote zilitungwa zikiwa na vifungu vya kumgusa anayechapisha taarifa ya uongo, na aliyesambaza hawezi kutegemea kwamba "nimeletewa tu" itamsaidia.

Tuangalie ujumbe wa kawaida kwa karibu. Ni sauti ya dakika mbili. Mwanamke anazungumza haraka, kwa hofu: "Jamani, nimepigiwa sasa hivi na mtu wangu yupo hospitali ya mkoa…" Mkoa upi, hakusema. Tarehe, hakuna. Jina, hakuna. Juu ya ujumbe kuna mishale miwili, alama ya WhatsApp kwamba umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati. Watu huiona mishale ile na kufikiri ni ushahidi kwamba jambo ni kubwa. Inachosema ni kwamba ujumbe umepita mikono mingi na kwamba aliyekutumia si aliyeurekodi. Huyo dada anaweza kuwa mkweli kabisa. Anaweza pia kuwa alizungumza mwaka juzi, nchi nyingine, kuhusu jambo jingine. Hofu iliyo kwenye sauti yake ndiyo inayokufanya uurushe kabla ya kujiuliza.

*Gharama.* Bando lake ni la bei nafuu, na ndiyo maana limekuwa chombo cha habari cha watu wengi. Gharama iliyofichika ni amani. Kundi la ukoo lenye ujumbe mia kwa siku linachosha kuliko gazeti lolote.

*Undani.* Kwa mambo ya mtaani kwako, kundi halina mpinzani. Maji yamekatika hadi lini, daraja limepitika, shule imefunga lini, ng'ombe wa fulani ameonekana wapi. Anayesema ni jirani unayemjua kwa jina na unaweza kwenda kumgongea. Kwa mambo ya taifa hali ni tofauti, lakini nisiwe mnafiki: kuna nyakati mitandao ilisema kitu ambacho vyombo rasmi vilikikwepa. Machi 2021, kwa siku nyingi watu waliulizana mitandaoni Rais John Magufuli yuko wapi, huku viongozi wakisema yupo salama. Tarehe 17 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kupitia televisheni ya taifa, TBC, kwamba Rais amefariki. Katika siku zilezile, makundi hayohayo yalibeba masimulizi yasiyopatana kuhusu nchi na hospitali aliyolazwa, na aliyeyapokea hakuwa na namna ya kujua lipi ni lipi. Kundi linaweza kukuambia kwamba kuna moshi. Kilichoungua ni nini, utakijua kwingine.

*Siku ya dhiki.* Huwa la kwanza kufungwa. Tanzania Oktoba 2020 na Uganda Januari 2021, WhatsApp ilisumbua au kuzimwa siku za uchaguzi.

*Inamfaa nani.* Mkazi anayetaka habari za mtaa, mzazi wa mwanafunzi, mfanyabiashara anayefuatilia bei za soko, ndugu walioko mbali. Siku hizi kuna pia chaneli za WhatsApp, ambamo magazeti na redio hutuma habari zao wenyewe. Ukizifuata hizo unapata bei ya WhatsApp pamoja na mhariri wa chumba cha habari, ingawa lile tatizo la kiungo kisichofunguka linabaki.

Kulingana na hali yako

Kama una nusu saa tu kwa siku na unataka kujua nchi imekwendaje, sikiliza taarifa moja ya habari redioni jioni na uachane na mengine hadi kesho. Hutapitwa na kitu cha maana.

Kama habari inahusu pesa yako, afya yako au shule ya mtoto, tafuta maandishi: gazeti, na ikiwezekana tangazo lenyewe la wizara au benki. Usiuze shamba kwa sababu ya klipu.

Ajali au mafuriko yakitokea mahali ambapo una ndugu, tumia kundi la familia kutafutana na uliache hapo. Idadi ya waliofariki ichukue redioni, na hesabu ya saa ya kwanza uishike kwa mkono mwepesi hata ikitoka kwa kiongozi.

Wakati wa uchaguzi, usitegemee njia moja. Kenya, Agosti 2022, tume iliweka mtandaoni fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila televisheni ikajumlisha kivyake, na watazamaji wakaona takwimu zisizolingana kwenye chaneli tofauti saa ileile. Waliotulia ni wale waliojua kwamba kila chaneli ilikuwa imezifikia fomu tofauti. Weka na redio ya batri nyumbani, kwa sababu mtandao unaweza usiwepo.

Ukiwa ughaibuni, chagua chaneli mbili za YouTube zenye watu unaowajua kwa majina na gazeti moja la mtandaoni. Simu ya moja kwa moja kwa mtu aliye nyumbani bado inashinda video nyingi.

Kama baba au mama yako mzee anaamini kila sauti inayopita, usimdhihaki mbele ya wajukuu. Mkalie karibu, sikilizeni pamoja, muulize taratibu: "Baba, huyu anayezungumza ni nani?" Mwonyeshe kwamba JamiiCheck, Nukta Fakti na PesaCheck huchunguza uvumi kwa Kiswahili. Na mrudishie redio yake ikiwa imeharibika.

Kama wewe ndiye admini wa kundi, una mamlaka ambayo wahariri wengi wangeyatamani. Weka kanuni mbili: anayeleta habari ataje ameitoa wapi, na picha ya ajali yenye miili haiingii. Mwanakikundi akileta ujumbe wenye mishale miwili, mpigie kwanza faraghani kabla ya kumkemea mbele ya watu. Ujumbe ukithibitika ni uongo, usiufute kimyakimya. Andika palepale chini yake kwamba si kweli na umejuaje, ili na wale waliokwisha kuupeleka makundi mengine wapate cha kupeleka tena.